Bei ya bufee hununua shibe, hainunui israfu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Aliyetulisha, Akatunywesha na Akatujaalia kuwa Waislamu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, mada yetu ya leo ni chakula, na hasa namna moja ya kula ambayo miaka ya nyuma ilikuwa ya watalii na wenye vyeo, lakini leo imeingia katika harusi zetu, semina zetu na hata futari zetu. Nayo ni ile iitwayo bufee: vyakula hupangwa juu ya meza ndefu, mlaji akalipa bei moja, kisha akajipakulia akitakacho, mara azitakazo, mpaka aridhike mwenyewe.

Wako wanaodhani kuwa hili ni jambo la starehe tu, wala dini haina la kusema ndani yake. Sivyo. Katika meza ile mna mkataba wa kuuziana, mna amana, mna malezi ya watoto, na mna neema ambayo kila mmoja wetu ataulizwa kuhusu neema hiyo. Hoja tunayotaka kuisimamisha ni moja: fedha anazolipa mlaji zinamnunulia shibe yake, hazimnunulii ruhusa ya kuharibu chakula.

Ilikotoka meza hii

Desturi ya kupanga vyakula vingi ili kila mtu ajipakulie si ngeni duniani. Watu wa Sweden wanayo tangu zamani, nao huiita smörgåsbord. Mwaka 1939, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika New York, Wasweden walifungua mgahawa wenye meza ya namna hiyo, na Wamarekani wengi wakaifahamu kupitia hapo. Mwaka 1958 hoteli ya Imperial ya mjini Tokyo ikaanzisha mgahawa kama huo baada ya mkuu wake kuiona meza hiyo nchini Denmark. Mgahawa ule uliitwa Viking, na mpaka leo Wajapani huiita bufee kwa jina hilo.

Lakini ile ya kula ushibe kwa bei moja ilipata umaarufu mkubwa huko Las Vegas, Marekani, mji wa kamari. Hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941, iliweka katika miaka hiyo ya 1940 meza ya chakula cha usiku kwa dola moja tu. Kusudio halikuwa kupata faida katika chakula. Kusudio lilikuwa kumzuia mcheza kamari asitoke nje kutafuta mlo, bali ashibe pale pale kisha arejee kupoteza fedha zake.

Tunalitaja hili si kwa kuwa asili ya kitu peke yake inakiharamisha. Tunalitaja ili tufahamu kuwa wingi ule wa chakula ulikuwa chambo. Na mwenye akili akiona chambo, huitafuta na ndoana.

Meza si za aina moja

Katika safari na shughuli mbalimbali nimebahatika kukaa katika meza za namna nyingi, na kila moja ina tabia yake.

Iko ile ya hoteli kubwa na kumbi za mikutano. Mlaji akishika sahani hukutana kwanza na mikate, saladi, wali, tambi na viazi. Nyama ya kuchoma, samaki na kamba huwa mwisho kabisa, na aghlabu mbele yake amesimama mpishi mwenye kisu, anayekata kipande kimoja kimoja. Mpaka mtu amfikie mpishi yule, sahani imekwishajaa wanga. Mpangilio huo haukuja kwa bahati.

Iko meza ambayo mlaji hainuki, bali chakula ndicho kinachomfuata. Nchini Brazil wanayo mikahawa ya nyama ya namna hiyo. Hapa kwetu Afrika Mashariki mashuhuri zaidi ni Carnivore ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1980, ambako nyama zilizochomwa huletwa zikiwa zimechomekwa katika panga za Kimasai, na wahudumu wakaendelea kukata mpaka mlaji akilaze kibendera kidogo kilichopo mezani. Mahali kama hapo kunyamaza ni kukubali. Anayetaka kuacha ndiye atoe ishara. Muislamu ana sababu ya ziada ya kuwa macho, kwa kuwa miongoni mwa nyama zinazopitishwa huko imo ya mamba, ambayo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii hailiwi. Bei moja haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza.

Iko thali ya ndugu zetu Wahindi wasiokula nyama, ipatikanayo katika migahawa ya eneo la Kisutu, Dar es Salaam. Mlaji huwekewa sinia ya chuma yenye vibakuli, kisha mhudumu hupita na ndoo ndogo ya dengu, mwingine na mboga, mwingine na chapati, kila mmoja akiongeza kidogo kwa anayehitaji. Nako ni kula mpaka ushibe, lakini mara zote nilizokaa hapo niliona sinia zikiondolewa zikiwa karibu tupu. Sababu yake ni nyepesi: upawa ni mdogo, na anayepakua siye mwenye njaa.

Iko pia namna ya Wabrazili ya kuuza kwa uzito. Mlaji hujipakulia mwenyewe vyakula avitakavyo, kisha sahani huwekwa juu ya mizani na akalipa kwa gramu. Hapo jicho hulazimika kulishauri tumbo kabla ya mkono kuteka.

Mwisho iko ile ya harusi na walima, ambayo mlaji halipi kitu na mwenye shughuli ndiye aliyemlipa mpishi kwa idadi ya vichwa.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Mtu ni yule yule na tumbo lake ni lile lile. Lakini katika meza moja ataacha nusu sahani, na katika meza nyingine hataacha punje. Hii ni dalili kwamba israfu haitokani na njaa, bali inatokana na tamaa iliyopewa nafasi. Na jambo lililopewa nafasi kwa mpango, laweza kunyimwa nafasi kwa mpango.

Je, kuuziana hivi kunafaa?

Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza biashara ya gharari, yaani kuuziana kitu ambacho kiwango au hali yake haijulikani, hata mmoja akaweza kudhulumika. Sasa katika bufee mnunuzi hajui atakula kiasi gani, wala muuzaji hajui. Je, hiyo si gharari?

Swali hili wanachuoni wa zama zetu wamelizungumza. Mwaka 2014 ilienea fatwa ya Sheikh Saleh al-Fawzan wa Saudi Arabia, aliyeona kuwa kuingia kwa riyali 10 au 50 na kula bila kiwango kujulikana hakufai, kwa sababu hiyo hiyo ya kutojulikana. Kabla yake Sheikh Muhammad bin Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alikuwa ameona kuwa ni jambo linalosamehewa, kwani mlo wa mtu mmoja unajulikana kwa ada. Hata hivyo akaongeza kuwa mtu anayejijua kuwa ni mlaji wa kupindukia yampasa amweleze mwenye mgahawa kabla, kwa sababu watu hutofautiana.

Kauli ya kuruhusu ina mfano wa zamani. Imamu Nawawi, alipoisherehesha hadithi hiyo ya gharari, alitaja kuwa wanachuoni wamekubaliana juu ya kufaa kuingia katika hamamu kwa ujira, ijapokuwa watu hutofautiana katika maji wanayotumia na muda wanaokaa. Na hali kadhalika kunywa maji ya muuza maji kwa malipo, ijapokuwa kiasi kinachonywewa hakikupimwa. Gharari ndogo ambayo watu hawagombani kwayo husamehewa.

Kwa maoni yangu kauli hii ndiyo iliyo nyepesi kwa watu, na ndiyo inayofuatwa na wengi. Lakini tuitazame vizuri, maana ndani yake mna sharti ambalo wengi wetu tunaliruka. Kilichoifanya biashara hii isamehewe ni kuwa kipimo chake kinajulikana, na kipimo hicho ni tumbo la mwanadamu. Muuzaji amekubali kukupa kile ambacho mtu wa kawaida hukila. Hakukuuzia marundo ya kuchezea, wala hakukuuzia chakula cha kubeba nyumbani. Basi mtu anapopakua sahani mbili za biriani hali anajua kuwa atagusa moja tu, ile ya pili imetoka nje ya kipimo kilichoihalalisha biashara. Aingiaye hamamuni ana haki ya kuoga. Hana haki ya kufungulia maji yamwagike mpaka usiku kwa kuwa amelipa.

Ndivyo yalivyo pia mambo mengine tunayoyaona. Mtu hulipia sahani moja, kisha akawalisha wawili. Mwingine huficha sambusa katika mkoba wake apeleke nyumbani bila ya ruhusa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Waislamu hufungwa na masharti waliyowekeana. Sharti la meza ile ni kula pale pale, kwa yule aliyelipa. Akitaka kubeba na aombe. Akiruhusiwa ni halali yake, akikataliwa asinung'unike.

Hesabu ya kurudisha pesa

Katika meza hizi utasikia watu wakisema kwa fahari: “Leo lazima nirudishe pesa yangu.” Maneno haya yanafaa kupimwa, kwa kuwa ndiyo mzizi wa israfu yote.

Fedha zikishalipwa mlangoni zimekwenda. Sahani ya tatu hairudishi hata shilingi moja mfukoni. Kinachoongezeka ni uzito wa tumbo, usingizi, kiungulia, na kwa wenye kisukari au shinikizo la damu, hatari iliyo wazi. Mwenye mgahawa naye ameshapiga hesabu yake. Hamtazami mlaji mmoja, huwatazama mia kwa pamoja. Anajua kuwa wachache watakula sana na wengi watakula kiasi, akapanga bei kwa wastani wao, akatanguliza wali na viazi, na mara nyingi soda na juisi akaziuza mbali.

Akikosea hesabu hiyo huumia. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani iitwayo Red Lobster iliamua kuuza kamba bila kikomo kwa dola 20 siku zote, badala ya msimu maalumu kama ilivyokuwa zamani. Watu wakafurika kuliko ilivyotarajiwa, na ofa hiyo ikaleta hasara ya mamilioni ya dola. Mwezi Mei 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Kamba hawakuwa sababu pekee, kwani ilikuwa na mizigo mingine mizito ikiwamo kodi za majengo, lakini walikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Kwa hiyo anayesema anarudisha pesa yake ama anajidanganya, ama anakusudia kumtia mwenzake hasara. Na yote mawili si sifa ya muumini. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kuwa muumini hula kwa utumbo mmoja, na kafiri hula kwa matumbo saba. Na katika hadithi ya al-Miqdam (r.a.), aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kuwa mwanadamu hajazi chombo kilicho kibaya kuliko tumbo lake, na kama hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mafundisho haya hayakutofautisha kati ya chakula cha kulipia kwa sahani na cha kulipia mlangoni.

Kinachotupwa

Huenda mtu akasema: “Mabaki ya sahani yangu ni kidogo tu.” Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilieleza kuwa katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, kiasi cha asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, na tani milioni 290 zilitoka katika mahoteli, migahawa na watoa huduma za chakula. Wakati huo huo watu milioni 783 walikuwa katika njaa. Rundo lile limejengwa na sahani ndogo ndogo, kila mwenye sahani akisema yake ni kidogo.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya wasiokuwa Waislamu. Saudi Arabia, nchi ya Misikiti Miwili Mitukufu, ilipofanya uchunguzi wake na kuutangaza mwaka 2019, ilikuta kuwa chakula kinachopotea na kutupwa ni asilimia 33, na thamani yake ni riyali bilioni 40 kwa mwaka. Kwa bahati njema wapo walioamka. Nchini humo iko jumuiya ya benki ya chakula iitwayo Itaam, inayokusanya chakula kilicho salama kutoka mahotelini na katika kumbi za harusi kikawafikie wahitaji.

Bufee ina tatizo lake la pekee. Chakula kilichoingia katika sahani ya mtu hakirudi mezani. Na kile kilichobaki mezani hakidumu, kwani Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Mwenye hoteli anayejaza masinia mpaka dakika ya mwisho ili meza ipendeze, naye ana sehemu yake katika israfu. Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratul A'raf aya ya 31 ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kuvuka mpaka, akatujulisha kuwa hawapendi wenye kufanya hivyo. Na katika Suratul Israa aya ya 27 amewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Udugu huo nani anautaka?

Futari ya mahotelini

Hapa ndipo moyo unapouma zaidi. Mahoteli mengi katika miji yetu hutangaza bufee ya futari kila Ramadhani. Kuifuata si haramu, na kwa familia ambayo mama amepika siku ishirini mfululizo, kumpumzisha jioni moja ni wema. Lakini tuliyoyaona yanataka nasaha.

Nilihudhuria futari ya namna hiyo katika hoteli moja ya jijini Dar es Salaam. Robo saa kabla ya adhana watu walikwishasimama foleni. Kila mmoja alirudi na sahani mbili au tatu: mihogo ya nazi, magimbi, kaimati, sambusa, mishikaki, pilau na matunda, vyote kwa pamoja, kwa hofu kuwa vitakwisha. Adhana ilipotoka kila mtu alianza kula. Chumba cha sala kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nacho kilikuwa na safu moja ya watu. Wakati wa Magharibi ni mfupi, nao ulipita wengi wakiwa bado mezani. Walipoinuka, sahani zilizochukuliwa jikoni zilikuwa na vipande vya nyama vilivyoumwa mara moja na kaimati zisizoguswa.

Na wale vijana waliokuwa wakiziondoa, baadhi yao walikuwa wamefunga kama sisi. Walifungua kwa funda la maji wakiwa wima, wakaendelea kutuhudumia. Wakatupa mbele ya macho yao chakula ambacho wao wenyewe hawajakila. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wala hamwoni hata akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, na asipozipata basi kwa tende kavu, na asipozipata basi kwa mafunda ya maji. Tazama utaratibu huo: kidogo cha kuvunja saumu, kisha swala, kisha chakula. Anayeufuata hata hotelini atarudi mezani njaa imepoa, jicho limetulia, na mkono utateka kwa kiasi.

Umri wa mtoto

Liko jambo jingine ambalo wazazi hulifanya kwa mzaha. Migahawa mingi hutoza nusu bei kwa watoto chini ya umri fulani, na wadogo zaidi huingia bure. Mlangoni baba huulizwa: “Huyu ana miaka mingapi?” Naye, huku amemshika mkono mtoto wa miaka minane, hujibu: “Mitano.” Mtoto hunyanyua uso, humtazama baba yake, kisha hunyamaza. Pale pale amekwisha kufundishwa somo ambalo madrasa italifuta kwa taabu.

Abdullah bin Amir (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kuwa alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamweleza kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ikiwa uongo wa tende moja kwa mtoto unaandikwa, uongo wa kuokoa nusu bei mbele ya mtoto utakuwaje? Alichookoa baba ni shilingi elfu kadhaa, na alichopoteza ni heshima ya ukweli katika moyo wa mwanawe.

Sinia ilivyotufundisha

Wazee wetu wa pwani walikuwa na meza yao ya kula mpaka ushibe, nayo ni sinia. Watu wanne au watano huizunguka, wakanawa, wakasoma Bismillahi, kila mmoja akala upande wake. Hakuna aliyepimiwa, na hakuna aliyelala na njaa. Lakini ndani ya sinia mlikuwa na adabu ambayo bufee haina: uliona mkono wa mwenzako. Ukiiona nyama ya katikati ulijua kuwa si yako peke yako. Mkubwa alimsogezea mdogo kipande, na mdogo alingoja mkubwa aanze. Chakula kilichobaki kilikuwa safi, hufunikwa kawa kikamngoja aliyechelewa.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama (r.a.) adabu hiyo hiyo: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Na akatujulisha kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Katika bufee kila mtu yuko peke yake na sahani yake, amewapa mgongo wenzake, na chakula kinaonekana hakina mwisho. Kwa hiyo kile ambacho sinia ilikilinda kwa haya, katika bufee hatuna budi kukilinda kwa uchaji Mungu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuchukue sahani ndogo na turudi mara nyingi. Uchunguzi uliofanywa katika mahoteli ya Norway na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kupunguza ukubwa wa sahani kulipunguza mabaki kwa karibu asilimia 20. Na kibao tu cha kuwaambia wageni kuwa wanakaribishwa kurudi tena mezani kilipunguza kwa kiasi kama hicho hicho. Hoteli zetu na wapishi wa harusi wanaweza kufanya hivyo kesho bila gharama yoyote.

Pili, mzazi aizunguke meza pamoja na watoto kabla ya kushika sahani. Wavione vyote, kisha kila mmoja achague. Na anachopakua akimalize. Mtume (s.a.w.) alituamrisha hata tonge lililoanguka tuliokote, tuliondoshe uchafu na tulile, kwani hatujui ni sehemu gani ya chakula chetu iliyo na baraka.

Tatu, mwenye walima apange mapema na msikiti au madrasa ya jirani nani atachukua chakula kilichobaki mezani kikiwa bado salama. Tena asingoje mabaki. Awaalike maskini wale pamoja na wageni. Mtume (s.a.w.) amekitaja chakula cha walima wanachoalikwa matajiri wakaachwa mafakiri kuwa ndicho chakula kibaya zaidi.

Nne, anayekwenda kufuturu hotelini jioni moja na afuturishe jioni nyingine. Bei ya sahani moja ya bufee kubwa yatosha tende, uji na mihogo kwa watu wengi katika msikiti wa mtaani.

Siku moja Mtume (s.a.w.), Abubakar na Umar (r.a.) walitoka majumbani mwao kwa njaa, wakakaribishwa na mtu wa Ansari, wakala tende na nyama, wakanywa maji. Walipokwisha kushiba Mtume akawaambia Masahaba zake hao kuwa Siku ya Kiyama wataulizwa juu ya neema ile. Wao walitoka na njaa na mlo wao ulikuwa mmoja, na bado wataulizwa. Sisi tunaoingia tukiwa na fedha mkononi, meza ina vyakula thelathini, tutaulizwa na yale tuliyokula na yale tuliyoyaacha katika sahani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atubarikie katika alivyoturuzuku, atuepushe na israfu na ubakhili, awalishe wenye njaa, na ajaalie watoto wetu wajifunze kwetu ukweli na kiasi. Amin.

Wabillahi Tawfiiq.